Anayetazama Anadaiwa Nini?



Kila zifikapo likizo za shule, wako wazazi wa bonde letu la Kilombero ambao hujinyima, wakaweka akiba kutokana na mauzo ya mpunga, wakawapandisha watoto basi kwenda Dar es Salaam kwa njia ya Kidatu na Mikumi. Aghalabu safari huwa na sababu yake: harusi ya ndugu, matibabu, au kumjulia hali shangazi. Lakini siku moja hutengwa kwa ajili ya watoto, ili waone bahari na meli na majumba marefu. Na baadhi ya wazazi, ambao nawapongeza kwa dhati, huongeza jambo moja: huwaingiza watoto katika makumbusho.

Dar es Salaam ilikuwa makao makuu ya serikali tangu mwaka 1891, Wajerumani walipoyahamisha kutoka Bagamoyo. Hata baada ya Dodoma kuchaguliwa mwaka 1973 kuwa mji mkuu, ilipita miaka mingi kabla ya serikali yenyewe kuhamia huko. Ndiyo maana mtu wa Ifakara anayetaka kuwaonyesha watoto wake hazina ya kumbukumbu za taifa, bado humlazimu kuelekea pwani.

Leo nataka tutafakari pamoja swali moja linalohusu siku ya namna hiyo. Mtu akishalipa kiingilio chake, akapewa tiketi, akaingia na kutazama vitu vya watu wengine waliokufa zamani, je, amemaliza deni lake? Au kule kutazama kwenyewe humtia katika deni jingine, ambalo halilipwi dirishani pa tiketi?

Najua wengine watasema swali hili ni dogo. Watanikumbusha methali ya wahenga kwamba macho hayana pazia. Ni kweli, macho hayana pazia. Lakini sisi huitumia methali hiyo kujitetea kila tunapotazama jambo tusilopaswa, kana kwamba wahenga walisema kuwa macho hayana wajibu. Hawakusema hivyo. Katika malezi yetu mtoto hufundishwa mapema kwamba yako mambo ya kutazama, na ya kutazama kwa adabu, na yako ya kugeuza uso. Anayemtazama mkubwa wake anapokula huambiwa. Anayemchungulia mgonjwa huambiwa. Basi tuulize: na anayeitazama mifupa ya mtu, au mnyororo wa mtumwa, au chungu cha bibi asiyemjua, yeye aambiwe nini?

Tuanze na neno lenyewe. Lugha nyingi za Ulaya huliita jumba la namna hii kwa jina lililotoka kwa Wayunani wa kale, lenye maana ya makao ya miungu wa kike wa sanaa. Sisi tuliliita makumbusho. Kila aliyepita katika chuo cha ualimu anajua kwamba neno hili limetokana na kitenzi kumbuka, kikanyambuliwa kikawa kumbusha. Anayekumbuka ni mtu. Jumba halikumbuki, wala fuvu halikumbuki, wala ngoma iliyotundikwa ukutani haikumbuki aliyeipiga. Vitu hivyo kazi yake ni kumkumbusha mtu fulani jambo fulani. Na kama mtu huyo akipita mbele yake bila kukumbuka lo lote, basi kazi ya kitu hicho imepotea bure, hata kama kimefutwa vumbi kila asubuhi. Kwa hiyo lugha yetu yenyewe imekwisha kutuambia kwamba nusu ya kazi imo mikononi mwa mtazamaji.

Mwaka jana nilifuatana na binti yangu, mume wake na watoto wao watatu katika matembezi hayo. Asubuhi tulikwenda Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, jirani na bustani ya mimea. Jumba la kwanza pale lilifunguliwa mwaka 1940 kwa ukumbusho wa Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Leo yako majengo mapya pia, na mahali pote huitwa Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni. Wavulana walilipenda mno gari la Rolls-Royce lililotumiwa na serikali ya Kiingereza na baadaye na Mwalimu Nyerere. Kisha tukafika kwenye habari za Zinjanthropus.

Wengi wenu mlisoma habari hizo shuleni. Tarehe 17 Julai 1959 Mama Mary Leakey, akitembea peke yake katika bonde la Olduvai huku mumewe Louis akiwa amelala kambini na homa, aliona mfupa umejitokeza katika udongo. Lilikuwa fuvu lililovunjika vipande vingi, lenye meno makubwa mno ya nyuma. Baadaye wataalamu walipima mawe ya volkano ya mahali pale wakakuta umri wake ni kama miaka 1,750,000. Siku hizi wanasema hakuwa babu yetu wa moja kwa moja, bali tawi jingine la ukoo lililokwisha bila kuacha watoto. Fuvu lenyewe limetunzwa na Makumbusho yetu ya Taifa tangu miaka ya 1960.

Mkwe wangu aliwaeleza watoto hayo yote vizuri sana. Ndipo mjukuu wangu wa kike, mwenye umri wa miaka minane, akauliza, “Baba, mama yake alimwita nani?”

Watu waliokuwa karibu walicheka, kicheko cha upendo. Baba yake akamjibu kwamba kiumbe yule aliishi kabla watu hawajawa na lugha kama yetu, kwa hiyo labda hakuwa na jina. Jibu lilikuwa sahihi. Lakini swali lile nimelichukua mpaka Ifakara, na nimeona kwamba ndani yake mna deni la kwanza la mtazamaji, yaani deni la jina. Mtoto aliona fuvu, akatambua mara moja kwamba palikuwa na mama. Sisi wakubwa twaweza kuviona vitu elfu tusifikiri hata mara moja kwamba kila kimoja kilikuwa na mwenyewe.

Hebu fikirini. Katika majumba mengi ya makumbusho duniani, kibao kilicho chini ya kitu husema kimetengenezwa kwa nini, kimetoka kabila gani, na kimefika mwaka gani. Mara nyingi kinalo jina la Mzungu aliyekichukua au aliyekitoa zawadi. Jina la fundi aliyekifinyanga au kukichonga halimo. Chungu kimekuwa cha kabila, na kabila halina mikono.

Mfano mkubwa upo Berlin, mji mkuu wa Ujerumani. Huko, katika makumbusho ya viumbe, familia za Kijerumani hutazama mifupa ya mnyama mkubwa wa kale, iliyounganishwa ikasimama kwa urefu wa zaidi ya meta 13. Mnyama huyo ni wa kwetu: mifupa yake ilifukuliwa katika kilima cha Tendaguru, mkoa wa Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya vita vya Maji Maji kuiacha nchi ile katika njaa na makaburi. Mamia ya wenyeji walichimba, wakafunga mizigo, wakaibeba vichwani siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi. Msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani, mtu hodari aliyeijua kazi ile kwa undani. Jina lake tunalijua. Majina ya wengi wa wale wabebaji hatuyajui, na shingo zao ndizo zilizobeba fahari ya jumba lile. Anayetazama mifupa ile akamsifu mnyama tu, amewasahau watu. Sisemi kila jina laweza kupatikana. Nasema mtazamaji anadaiwa kuuliza, kama alivyouliza mtoto, na asiyeuliza ameondoka na kitu cha watu bila hata kusema asante.

Deni la pili ni zito zaidi, nalo ni deni la heshima kwa maiti.

Katika makumbusho yale ya Dar es Salaam iko pia kumbukumbu ya watu waliouawa tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa kwa bomu. Siku ile ile Nairobi walikufa zaidi ya watu mia mbili, na Dar es Salaam watu 11. Hapo nilimwona binti yangu akiwashika watoto mikono na kuwanyamazisha, bila kuambiwa na mtu ye yote. Alijua kwamba watu wale wana wazazi, wajane na watoto walio hai, wanaonunua sukari katika maduka yale yale tunayonunua sisi.

Basi nauliza: kama aliyekufa mwaka 1998 anastahili kunyamaziwa, yule aliyekufa mwaka 1898 amepungukiwa na nini? Tarehe 19 Julai ya mwaka huo Mtwa Mkwawa wa Wahehe alijipiga risasi huko Mlambalasi ili asishikwe na Wajerumani. Kichwa chake kilikatwa. Mwaka 1919, mataifa yaliyoshinda vita kuu yalipowaandikia Wajerumani masharti ya amani kule Versailles, waliweka sharti kwamba fuvu la Mkwawa lirudishwe katika miezi sita. Halikurudishwa. Ilipita miaka zaidi ya thelathini mpaka Gavana Edward Twining alipokwenda mwenyewe katika makumbusho ya mji wa Bremen, akaonyeshwa mafuvu mengi, na kwa kufuata vipimo na tundu la risasi likachaguliwa moja. Mwaka 1954 alilikabidhi kwa mjukuu wa marehemu, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu. Lipo Kalenga, karibu na Iringa, katika makumbusho madogo ya ukoo na taifa. Wako wataalamu wenye mashaka kama kweli ndilo lenyewe. Na hata mashaka hayo ni ushahidi wa ubaya uliotendeka, maana kichwa cha mfalme kilichanganywa na vichwa vingine kama nazi sokoni, hata mjukuu wake asiweze kuwa na hakika.

Mkwawa hakuwa peke yake. Wakati wa ukoloni wa Kijerumani mafuvu mengi yalipelekwa Ulaya ili wataalamu wayapime na kuyalinganisha mataifa ya watu. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walieleza habari za mafuvu zaidi ya 1,000 yaliyotoka Afrika ya Mashariki. Mengi zaidi yalitoka Rwanda, na karibu 200 Tanzania. Kwa kupima vinasaba walipata huko Kilimanjaro ndugu walio hai wa baadhi ya marehemu hao. Kichwa cha Mangi Meli wa Old Moshi, aliyenyongwa mwezi Machi mwaka 1900, hakikuwa miongoni mwa yaliyotambuliwa, ingawa mjukuu wake alikuwa amekitafuta kwa miaka mingi. Na mwezi Novemba wa mwaka huo huo, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, akaomba msamaha kwa yale waliyotenda Wajerumani katika vita vya Maji Maji. Sisi wa bonde hili neno lile lilituhusu, maana vita vile viliwaka Mahenge na Ulanga pia, na ndani ya koo zetu wamo waliokufa kwa risasi, na wengi zaidi waliokufa kwa njaa iliyofuata.

Mtu mmoja aliposikia maneno yangu haya aliniuliza, “Mwalimu, mbona Zinjanthropus hukumwonea huruma? Naye si mifupa?” Swali la haki. Jibu langu ni kwamba tutumie kipimo hiki: je, yuko mtu anayemngoja? Zinjanthropus hana ukoo ulioacha kitanda cha msiba wazi. Amekuwa wa watu wote, na kumtazama kwa adabu ni kujifunza. Lakini fuvu ambalo mjukuu wake yu hai, na anataka kulizika, hilo si kitu cha maonyesho, hata kama kabati lake ni la kioo safi, na hata kama elimu inapatikana kwalo. Elimu inayomzuia mtu kumzika babu yake imenunuliwa kwa bei isiyokuwa yake kulipa. Tunakumbuka jinsi Yusufu, alipokuwa akifa katika nchi ya Misri kati ya heshima zote za Misri, alivyowaapisha ndugu zake juu ya mifupa yake, na jinsi Musa alivyoichukua usiku ule wa kutoka, katikati ya haraka na hofu, hata ikazikwa Shekemu vizazi kadhaa baadaye. Taifa zima lilibeba jeneza la mtu mmoja jangwani kwa sababu ya ahadi. Anayeona kwamba madai ya watu wa Old Moshi ni ukaidi wa wazee, na asome tena habari hiyo.

Deni la tatu ni deni la ukweli. Wengi wetu tumefika Mkunazini, Unguja, mahali palipokuwa soko la watumwa mpaka Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kulifunga mwaka 1873, ndipo kanisa kuu letu likajengwa pale chini ya uongozi wa Askofu Edward Steere. Nje ya kanisa, ndani ya shimo, zimesimama sanamu za watumwa watano wenye mnyororo shingoni. Mtoto akisimama hapo atauliza tu, “Nani aliwauza?”

Hapo mzazi hujaribiwa kujibu nusu. Wengine husema Waarabu, wakanyamaza. Wengine husema Wazungu, wakanyamaza. Ukweli ni kwamba mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yaliwatumia; kwamba Wafaransa walinunua watu Kilwa kwa ajili ya mashamba ya visiwa vyao; na kwamba huko bara walikuwako watu weusi kama sisi, wenye nguvu na bunduki, waliowauza mateka wao na hata jirani zao kwa vitambaa na baruti. Mtoto akifundishwa kwamba ubaya daima ulifanywa na watu wa mbali, hataweza kuutambua ukija kwa sura ya jirani, au kwa sura yake mwenyewe. Mnyororo ule haukutunzwa ili tuwachukie watu fulani. Umetunzwa ili kila anayeutazama ajiulize yeye angesimama upande gani wa mnyororo, na leo anasimama upande gani, hasa yule aliye na mtumishi wa ndani asiyelipwa mshahara wake mwezi wa tatu sasa.

Nalifikia sasa deni la nne, ambalo kwangu ndilo kubwa kwa sisi watu wa kawaida, maana halihitaji serikali wala mkataba. Ni deni la nyumbani.

Alasiri ile tulikwenda Kijiji cha Makumbusho, katika barabara ya kwenda Bagamoyo. Watu wengi wa mjini hulijua jina hilo kwa ajili ya stendi ya daladala, na husema “nashuka Makumbusho” kila siku bila kuwahi kuingia ndani. Kijiji hicho kilianzishwa katika miaka ya 1960. Humo zimejengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali ya nchi yetu, za udongo, za miti, za nyasi, kila moja kwa namna ya watu wake, na ngoma huchezwa kwa wageni. Ni mahali pazuri kwa watoto, maana hawaambiwi wasiguse kila dakika.

Katika nyumba moja mjukuu wangu mkubwa aliona kinu na mchi, jiwe la kusagia na ungo. Akapigwa picha na simu ya baba yake akiwa ameshika mchi. Kisha akaniambia, “Babu, mbona hivi vyote vipo kwa bibi?” Nikamwambia ndiyo, vipo. Naye akauliza, “Sasa kwa nini tumekuja kuvitazama huku?”

Nataka tulichukue swali la mtoto huyu kwa uzito wake. Sisi tunasafiri zaidi ya kilometa 400, tunalipa kiingilio, tunatazama kinu cha bibi wa mtu mwingine, tunapiga picha. Kumbe nyumbani yupo bibi aliye hai, mwenye kinu chake, na tukimkuta anatwanga hatumpigi picha. Twamwambia anajisumbua, mashine ya kukoboa ipo karibu. Je, ni heshima ya namna gani hii, inayoanza pale mwenye kitu anapokwisha kufa? Ikiwa chungu kinastahili kabati la kioo, mfinyanzi anastahili walau kiti na mtu wa kumsikiliza.

Sisemi turudi katika kinu. Mama zetu waliteseka, na mashine iliwapunguzia mzigo. Anayetamani wanawake watwange tena ili yeye aone utamaduni, na ashike mchi yeye kwanza. Wala sisemi kila kitu cha zamani kitunzwe. Mfalme Hezekia aliivunja ile nyoka ya shaba iliyotengenezwa na Musa mwenyewe, kitu cha heshima kubwa, kwa sababu watu walikuwa wameanza kuifukizia uvumba. Wako wazee waliokuwa na mila za kuwanyima wajane urithi na kuwasingizia vikongwe uchawi. Mila hizo zikifa, msiba wake usiwe na matanga. Kutunza kunataka kuchagua, na kuchagua kunataka kujua. Lakini kujua kwenyewe kunakufa kwa kasi, maana wanaojua wanakufa, na hatukuwauliza.

Fikirini bonde letu tu. Nani katika nyumba yako anajua ni mti gani unaotoa mtumbwi usiopasuka, na unachongwa mwezi gani? Nani anajua kusuka mgono wa kutegea kambale, na kwa nini mlango wake unasukwa kuelekea ndani? Nani anaweza kueleza jinsi familia zilivyohamia mashambani msimu wa mafuriko, zikajenga dungu juu ya nguzo, wakalinda mpunga na kulala juu ya maji? Wandamba, Wapogoro na Wabena wa bonde hili walikuwa na elimu kubwa ya maji. Elimu hiyo haimo katika kabati lo lote. Imo vichwani mwa wazee wachache waketio barazani mchana kutwa, wakisalimiwa “shikamoo” na kupitwa.

Ipo habari moja ya kututia moyo. Mwaka 1935 kilichapishwa London kitabu kikubwa kuhusu Wabena wa bonde hili, kiitwacho Ubena of the Rivers, kilichoandikwa na Bwana na Bibi Culwick. Bwana huyo alikuwa ofisa wa serikali ya kikoloni. Kitabu hicho kina kasoro za wakati wake, kama vilivyo vingi vya namna hiyo. Lakini ndani yake imo sura iliyotolewa na Mtema Towegale Kiwanga, mtawala wa Wabena hao. Jina lake limechapishwa katika ukurasa wa kwanza, naye anasema kwa niaba ya watu wake. Angalieni tofauti. Kitu kikichukuliwa, hukaa kimya, na wengine hukisemea. Mtu akiulizwa angali hai, hujisemea mwenyewe. Mtema alipata kuulizwa kwa sababu alikuwa mtawala. Bibi yako hatakuja kuulizwa na mwandishi wa London. Wa kumwuliza ni wewe.

Hata wana wa Israeli walipovuka Yordani waliamriwa kuchukua mawe kumi na mawili mtoni na kuyasimamisha Gilgali. Na sababu ilitolewa: siku moja watoto watauliza maana ya mawe hayo, na baba zao watawaambia. Mawe yale hayakuandikwa kitu. Yasingefaa lo lote pasipo mambo mawili, mtoto mwenye kuuliza na mzazi mwenye jibu. Hayo ndiyo makumbusho kamili: kitu, swali na jibu. Kitu serikali yaweza kukitunza, na inastahili kusaidiwa kwa viingilio vyetu. Swali watoto wanalo tayari, tusipowanyamazisha. Jibu ndilo wajibu wetu, na hakuna ofisa wa mshahara anayeweza kulitoa kwa niaba ya baba na mama.

Basi, ndugu zangu, endeleeni kuwapeleka watoto. Msiache kwa sababu ya maneno yangu; nendeni mara nyingi zaidi, lipeni kiingilio kwa furaha. Lakini kabla ya kupanda basi, kila familia na ifanye kazi moja ndogo, kama mwalimu anavyotoa zoezi. Nunueni daftari. Mpelekeni mtoto akaketi na mzee mmoja wa nyumba yenu au wa jirani, amwulize mambo matatu: jina lake kamili na majina ya wazazi wake; kazi moja ya mikono aliyoijua vema, na namna ya kuifanya; na jambo moja aliloliona ambalo asingependa lisahauliwe, liwe zuri au baya. Mtoto aandike kama alivyosikia, kwa maneno ya mzee, hata kama ni ya Kindamba au ya Kipogoro. Akisha kuandika, amsomee mzee ayasahihishe.

Mtoto aliyefanya hivyo, akifika mbele ya kabati la kioo huko Dar es Salaam, atatazama kwa macho mengine. Atajua kwamba nyuma ya kila chungu alikuwapo mtu aliyekuwa na jina, mwenye siri ya kazi yake na hadithi ambayo labda hakuulizwa. Na mzee aliyeulizwa, siku yake itakapofika, atakwenda akijua kwamba hakupita duniani kama kitu kisicho na kibao.